Daraja Tumepata Makupa, Je, Ardhi ya Kibarani Ataipanga Nani?

Ukitoka Changamwe kuingia kisiwani, matatu hupita Makupa chap chap na abiria wengi huwa macho kwenye simu. Hapo lakini ndipo Mombasa ilipoamua jambo ambalo miji mingi huliogopa: kuachana na barabara ya zamani ili bahari ipate njia yake tena.

Kwa miongo mingi magari yalivuka hapo juu ya tuta la mawe na udongo lililojengwa enzi za ukoloni. Lilirahisisha safari, sawa, ila lilikuwa ukuta baharini. Maji ya upande wa Port Reitz na ya Tudor hayakuweza kukutana, na maji kujaa na kupwa kukakosa njia. Agosti 2022 lilifunguliwa daraja la takriban mita 450: magari yapite juu, maji yapite chini.

Kando yake ipo Kibarani, jalala ambalo harufu yake ilimpokea kila mgeni wa mji huu. Lilifungwa 2018, likafukiwa na miti ikapandwa. Tulishangilia, na haki yetu. Lakini kuna watu waliokuwa wakiokota plastiki na vyuma pale, ndiyo iliyokuwa kazi yao. Jalala lilipofungwa, riziki nayo ilifungwa.

Yaliwapata hata wenzetu wa Seoul, Korea Kusini. Mwaka 2003 jiji hilo lilianza kubomoa barabara ya juu iliyofunika mkondo wa Cheonggyecheon, na 2005 watu wakawa wanatembea kando ya maji. Picha zake ni tamu. Ila wachuuzi waliotegemea eneo hilo walihamishwa, na wengi walilalamika kwamba biashara haikurudi kama zamani.

Sasa tuongee ukweli. Ardhi iliyo kando ya maji, jirani na bandari, mlangoni pa mji, haiwezi kukosa wachumba. Mji wa Kale angalau unalindwa na sheria ya turathi, na huwezi kuamka tu ukabomoa nyumba ya Ndia Kuu. Kibarani haina milango ya nakshi ya kuitetea. Itatetewa na watu, ama isitetewe kabisa.

Na sheria ipo. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi, na ya 69 inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari, na NEMA huita maoni ya umma kabla ya kutoa leseni. Si maneno ya karatasini tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba wavuvi wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari, ikaagiza fidia ya takriban Sh1.7 bilioni. Kesi haikuishia hapo, lakini wavuvi walisikika.

Shida yetu vijana ni kuja mwisho. Tangazo la maoni likitoka, tuko maskani tunabishana mpira. Tingatinga likifika, ndipo tunapofungua simu kurekodi.

Kwa hivyo ukisikia mkutano wa maoni, nenda na maswali matatu. Ramani iko wapi, na mipaka ni ipi? Hatimiliki iko kwa nani? Waliokuwa wakila hapa wamepangiwa nini? Usiridhike kusaini orodha ya waliohudhuria na kunywa soda. Andika maoni yako, hata ukurasa mmoja, yapeleke ofisini na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kesho mtu akidai vijana hawakuwa na neno, utakuwa nayo mkononi.