Ulinzi wa Mitandao: Somo Kutoka Kenya



Mwezi Julai 2023 majirani zetu wa Kenya walishambuliwa na adui ambaye hakuvuka mpaka wala hakufyatua risasi. Mfumo wa kompyuta uitwao eCitizen, ambao Serikali ya nchi hiyo wakati huo iliutumia kuwapatia wananchi huduma zaidi ya 5,000, ulikwama. Shughuli za pasipoti na leseni za udereva zilivurugika, na wageni walioshindwa kupata viza kwa mtandao ikabidi waruhusiwe kuipata wafikapo. Ununuzi wa umeme na malipo kwa simu navyo vilisumbua. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai kuhusika.

Shambulio hilo lilikuwa la kuziba njia. Kompyuta zilimiminiwa maombi ya uongo mengi mno, mfano wa watu elfu wasio wagonjwa wanaojazana katika mlango wa zahanati hata mgonjwa wa kweli akakosa pa kupita. Waziri aliyehusika wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Hata hivyo, hasara ya huduma iliwafikia wananchi.

Hapa ndipo penye somo. Huduma ni za Serikali, lakini njia zake nyingi ni mali ya makampuni. Malipo hupita katika mabenki na katika M-Pesa, iliyoanzishwa na kampuni ya Safaricom mwaka 2007. Askari aweza kulinda lango la benki usiku kucha, asione kinachopita ndani ya nyaya. Mhandisi wa kampuni hukiona, lakini hana mamlaka ya kumkamata mhalifu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta iliunda kamati ya taifa ya kuratibu ulinzi huo. Miongoni mwa wajumbe wake ni Mkuu wa Majeshi, Mkuu wa Polisi na Gavana wa Benki Kuu. Sheria hiyo inamtaka mwendeshaji wa mtandao, wa umma au wa binafsi, atoe taarifa ya shambulio katika saa 24. Lakini ilipotungwa, haikuyapa makampuni kiti katika kamati. Mwenye wajibu wa kusema tu, asiyepewa nafasi ya kusikia, huishia kusema machache. Tena kampuni huogopa kwamba habari za kushambuliwa zitawafukuza wateja.

Ushirikiano wa kweli una pande mbili: kampuni itoe taarifa mapema, na Serikali nayo iionye kampuni kabla ya hatari kufika. Oktoba 2024 Marekani ilipotangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusu kikundi hicho, wizara yake ya sheria ilitaja msaada wa makampuni kadhaa, yakiwamo Google, Microsoft na Cloudflare.

Kwa wanajeshi na polisi maana yake ni wazi. Kampuni iletayo taarifa ni shahidi, isitendewe kama mtuhumiwa. Siri zake zihifadhiwe, na ushahidi wake usichezewe. Wala ushirikiano huu usiwe kisingizio cha kupekua mawasiliano ya raia pasipo idhini ya sheria, kwani raia huyo ndiye anayelindwa.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.