Maumivu ya mgongo yasivunje nyumba yako

Dereva mmoja wa lori alifika kwangu akilalamika kwamba mgongo ulikuwa umemuuma kwa miaka miwili. Nilipomaliza kumwandikia dawa, hakuinuka. Alitazama sakafu, kisha akasema: "Daktari, mke wangu anadhani nina mwanamke wa nje. Ni miezi saba sasa."

Wagonjwa wengi hawathubutu kusema hata hilo.

Maumivu yanayozidi miezi 3 huitwa maumivu sugu. Hufukuza usingizi, huleta uchovu na huzuni, na hayo yote hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Kisha huja hofu. Mtu aliyewahi kukwama mgongo akiwa na mwenzake huanza kuepuka hata kukumbatiwa. Mwenzake naye huona amekataliwa, au huogopa kumuumiza, akajitenga. Wote wawili hunyamaza.

Dawa nazo huchangia. Tramadoli ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kushusha homoni ya testosteroni. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa maumivu ya neva, yaweza kupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Usiziache ghafla. Mweleze daktari wako ili apunguze kipimo au abadilishe dawa.

Ufanye nini? Kwanza, zungumzeni, si kitandani bali mchana mkinywa chai. Mwambie mwenzako panapouma, na kwamba kinachokuzuia ni maumivu wala hujamchoka.

Pili, chagueni saa ambayo maumivu hupungua, kwa mfano baada ya kuoga maji moto.

Tatu, angalieni mkao. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima jinsi uti wa mgongo unavyosonga wakati wa tendo hilo. Walionyesha kwamba hakuna mkao mmoja unaomfaa kila mgonjwa. Anayeumia akiinama asikunje mgongo. Anayeumia akijinyoosha nyuma asiupinde huko. Anayelala chali aweke mto chini ya magoti.

Nne, rudini kwanza kwenye kupapasana na kukandana bila kudaiana zaidi. Hofu huondoka polepole.

Lakini mgongo ukiuma, kisha sehemu za siri zikafa ganzi, mkojo ukakataa kutoka, choo kikakushinda kuzuia au miguu ikalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda neva zimebanwa na upasuaji wa haraka ukahitajika.

Wanaume pia wakumbuke kwamba si kila udhaifu hutokana na mgongo. Kisukari na shinikizo la damu pia vyaweza kuuleta. Pimwa.

Yule dereva alirudi baada ya wiki tatu, safari hii na mkewe. Kabla sijawakaribisha kuketi, mama yule aliuliza: "Daktari, nimkande wapi nisimuumize?" Nikajua wameanza kuzungumza.