Concorde, Super VC10 na Kumbukumbu za Anga ya Afrika Mashariki

Concorde ni ndege ya abiria iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Uingereza na Ufaransa, ikaruka kwa mara ya kwanza mjini Toulouse tarehe 2 Machi 1969, ikaanza kuchukua abiria wa kulipa tarehe 21 Januari 1976, na ikastaafishwa mwaka 2003 bila kupata mrithi. Ilisafiri kwa takriban kilomita 2,180 kwa saa, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, hivyo safari ya London hadi New York ilimalizika kwa saa tatu na nusu hivi. Kasi hiyo ilidai gharama kubwa. Chombo kinachoipita sauti husukuma mbele yake mawimbi ya hewa ambayo hufika ardhini kama mshindo mkubwa, na kwa sababu hiyo nchi nyingi hazikukubali ipite kwa kasi yake kamili juu ya makazi ya watu. Joto lililotokana na kasi yenyewe lilikitanua kiwiliwili chake hata kikarefuka kwa sentimita 15 hadi 25 kikiwa angani. Na mafuta iliyoyachoma yalikuwa mengi mno kwa ndege iliyobeba abiria 100 tu. Ajali iliyotokea Gonesse, karibu na Paris, tarehe 25 Julai 2000, ambamo watu 113 walikufa, iliongeza mashaka juu ya mustakabali wake.

Kati ya ndege 20 zilizotengenezwa, 18 zimehifadhiwa, nyingi zikiwa katika makumbusho ya usafiri wa anga, ambako watu waliozipanda, waliozitengeneza au waliozitazama tu zikipita huzitembelea kwa mapenzi makubwa. Mojawapo, iliyoko Le Bourget nchini Ufaransa, ina historia inayoihusu Afrika moja kwa moja. Tarehe 30 Juni 1973, jua lilipopatwa kikamilifu, ndege hiyo iliondoka Las Palmas ikiwa na wanasayansi na madirisha maalumu yaliyotobolewa kwenye paa lake, ikakifuata kivuli cha mwezi juu ya Sahara na kukaa ndani yake kwa dakika 74 kabla ya kutua Chad, ilhali watazamaji waliokuwa kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, walilishuhudia giza hilo kwa dakika chache tu.

Lakini kwa wakazi wa Afrika Mashariki, kumbukumbu iliyo ya kwao hasa imo katika ndege nyingine iliyotoka kiwanda kilichotengeneza pia sehemu za Concorde. Huko Weybridge, kusini mwa Uingereza, mahali panapoitwa Brooklands, palitengenezwa sehemu kubwa za kiwiliwili cha Concorde, na kabla ya hapo paliundwa VC10, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962. VC10 haikuipita sauti, ingawa iliikaribia: tarehe 31 Machi 1979 ndege moja ya aina hiyo ilivuka Atlantiki kutoka New York hadi Uingereza kwa saa tano na dakika moja, muda ambao haukupunguzwa na ndege nyingine ya abiria iliyo chini ya kasi ya sauti hadi mwaka 2020.

Ubora wake mkuu ulitokana na mazingira ya Afrika. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, kwa hiyo mbawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupoteza msukumo, hata ndege ikalazimika kupunguza mzigo au kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hata Songea, mji wa kusini mwa Tanzania, ipo juu ya mita 1,000. Wabunifu wa VC10 waliziweka injini zote nne mkiani ili mbawa zibaki huru kufanya kazi yake, na hapo ndipo ilipozidi ndege nyingi za enzi yake.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilianza kupokea Super VC10, yaani toleo lililorefushwa, mwaka 1966, likawa nazo tano. Ziligawanywa katika usajili wa nchi wanachama: 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda na 5H ya Tanzania, alama ileile ambayo mkazi wa Songea huiona leo ubavuni mwa ndege za Air Tanzania katika uwanja wa Songea. Moja, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na kuua watu 43. Shirika lenyewe lilivunjika mapema mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo nayo ilikufa, na ndege nne zilizosalia zikarejeshwa Uingereza, ambako jeshi la anga lilizinunua na kuzigeuza kuwa matangi yanayoruka, yenye kazi ya kuzijazia ndege nyingine mafuta angani.

Zilifanya kazi hiyo hadi 2013. Tarehe 24 Septemba mwaka huo, ndege iliyokuwa 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, ilitua Dunsfold na kukabidhiwa kwa Makumbusho ya Brooklands. Kesho yake ndege iliyokuwa 5H-MMT ilitua Bruntingthorpe, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Kwa hiyo VC10 ya mwisho kuundwa na ya mwisho kuruka zote mbili ziliwahi kubeba alama ya Tanzania, jambo linalostahili kufundishwa shuleni. Brooklands penyewe mgeni huikuta pia Concorde G-BBDG, iliyokuwa ya kwanza kubeba watu 100 kwa mara mbili ya kasi ya sauti, pamoja na VC10 iliyomtumikia Sultani Qaboos wa Oman.

Watu wa Songea hawahitaji kuelezwa thamani ya makumbusho, kwa kuwa wanayo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, yanayowaenzi mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Historia ya usafiri wa anga inahitaji uangalizi kama huo, maana marubani, mafundi na wahudumu wa Shirika la Afrika Mashariki sasa ni wazee, na wengi wametangulia mbele ya haki. Familia yenye picha, tiketi, sare au kitabu cha safari cha shirika hilo iandike majina, mahali na mwaka wakati wenye kukumbuka wangali hai, kisha iwasiliane na Makumbusho ya Taifa kabla mchwa na unyevu havijaviharibu.