Chuo Kikuu Bila Lango: Masomo ya Juu Kakuma na Lodwar

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali hili hurudi katika mabaraza ya wazazi: je, mtoto anaweza kupata elimu ya chuo kikuu bila kuondoka Turkana? Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa fupi. Mwanafunzi alipanda basi au lori kutoka Lodwar hadi Kitale, mwendo wa kilomita zipatazo 300 kwenye barabara mbovu, kisha akaunganisha kwenda Eldoret, Njoro au Nairobi. Aliyekosa nauli alibaki nyumbani na barua yake ya kuitwa chuoni.

Leo jibu ni refu zaidi, na ajabu ni kwamba sehemu yake ya kupendeza zaidi haikuanzia Lodwar, makao makuu ya kaunti. Ilianzia Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko na vita mwaka 1991, wakatembea tena hadi mpaka wa Kenya. (Waandishi wa nje hupenda kusema kwamba “Kakuma” ni neno la Kiswahili lenye maana ya “mahali pasipo kitu”. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatujawahi kulisikia neno hilo, na kabla ya kambi palikuwa na watu hapa, mifugo yao, na laga ya Tarach.) Shule za kambi zilifuata mtaala wa Kenya, na watoto wakafanya mitihani ile ile ya kitaifa inayofanywa na watoto wetu. Kufikia mwaka 2000 na baadaye, kulikuwa na vijana wengi wenye cheti cha kidato cha nne ambao hawakuwa na pa kwenda nacho.

Njia zilizokuwapo zilikuwa nyembamba. Ufadhili wa DAFI, unaotolewa kwa fedha za Ujerumani tangu mwaka 1992, uliwapeleka wachache katika vyuo vikuu vya Kenya. Shirika la WUSC la Kanada, ambalo limekuwa likiwadhamini wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978, liliwachukua wengine wachache kila mwaka, na sehemu ya gharama hulipwa na wanafunzi wa Kanada wenyewe kupitia michango midogo katika karo zao. Mkopo wa HELB haukuwahusu, kwa kuwa ni wa raia wa Kenya.

Mwaka 2010 ndipo jambo jipya lilipojaribiwa. Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, JRS, lililoanzishwa na Padri Pedro Arrupe mwaka 1980, lilishirikiana na vyuo vikuu vya Wajesuiti kuleta masomo kambini badala ya kuwapeleka wanafunzi nje. Maeneo ya kwanza kujaribiwa yalikuwa Kakuma, kambi ya Dzaleka nchini Malawi, na mji wa Amman nchini Jordan. Aliyetoa cheti alikuwa Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1877. Mpango huo baadaye ulichukua jina la Jesuit Worldwide Learning.

Hivyo basi, chuo chenyewe kilikuwa Denver, lakini kampasi yake ya Kakuma ilikuwa kituo cha Arrupe: vyumba vya mabati vyenye kompyuta, umeme na intaneti ya setilaiti, na kivuli cha kusomea. Hakukuwa na mabweni wala bwalo la chakula. Masomo yakiisha, kila mmoja alirudi kwenye nyumba yake ya udongo kuchota maji, kupanga foleni ya mgao na kulea watoto.

Mafunzo yaliyotolewa yalikuwa diploma ya miaka mitatu, yenye krediti 45. Kila kozi ilichukua wiki nane. Mwanafunzi alianza na uandishi wa kitaaluma, mawasiliano kati ya tamaduni, dini za dunia na hisabati, kisha akachagua upande mmoja: ualimu, biashara au ustawi wa jamii. Waalimu walikuwa wahadhiri waliojitolea, wakiwa Marekani na kwingineko, na majadiliano yote yalifanywa kwa maandishi. Tofauti ya saa kati ya Denver na Kakuma ni tisa au kumi kulingana na msimu. Mwalimu alipoketi mezani asubuhi kujibu maswali, hapa ilikuwa jioni na giza limeanza kuingia. Jibu lilisomwa kesho yake, kabla jua halijawa kali.

Wanaodhani kwamba masomo ya mtandaoni ni ya kivivu waangalie hapo. Vumbi likiingia kwenye mashine, kazi imekatizwa. Jenereta likizima usiku wa kuamkia siku ya mwisho wa kuwasilisha insha, mwanafunzi hana la kufanya ila kuandika kwa mkono na kuomba asubuhi mtandao upatikane. Mvua ikinyesha milimani na Tarach ikajaa, mwenye kuishi ng'ambo hafiki darasani siku hiyo. Na kwa wanawake mzigo ulikuwa maradufu, kwa sababu hakuna kozi inayosimama kusubiri mtoto apone malaria.

Darasa lenyewe lilikuwa dogo, na ndani yake mlikuwa na Msudan Kusini, Msomali, Mkongo, Mwethiopia, Mrundi na mara nyingine kijana wa Kiturkana kutoka Kakuma mjini, kwa maana jamii wenyeji pia walipewa nafasi. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, lakini nje ya darasa lugha iliyowaunganisha wengi ilikuwa Kiswahili. Mkongo alikuja na Kiswahili chake cha Kivu, Mturkana na chake cha sokoni, wakacheka, wakaelewana.

Mahafali ya kwanza yalifanyika mwaka 2013. Majoho na kofia, na wageni kutoka ng'ambo, katikati ya kambi. Ni rahisi kuishia hapo na picha ile nzuri. Lakini mwananchi anayefikiria kumsomesha mwanawe anahitaji kujua lililofuata.

Mhitimu mkimbizi alirudi kufundisha katika shule za kambi au kufanya kazi na mashirika, na kwa kuwa hakuwa na kibali cha kazi, alilipwa posho ya motisha, kiasi kidogo sana kuliko mshahara wa Mkenya mwenye cheti sawa aliyeketi meza ya pili. Akitaka kwenda kusoma Eldoret au Nairobi, alihitaji kwanza kibali cha kusafiri nje ya kambi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 zinalenga kulegeza mambo haya kwa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji katika uchumi na huduma. Kwa kambi na makazi ya Kalobeyei yenye watu wanaokaribia 300,000 kwa jumla, hilo si jambo dogo, na litahitaji muda.

Tukirudi Lodwar, hadithi ni nyingine. Hapa msukumo ulitoka kwa walimu na wafanyakazi wa serikali waliotaka kupanda cheo bila kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake ya kudumu Januari 2011, kilikuwa miongoni mwa vyuo binafsi vilivyofungua kampasi mjini, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliosoma jioni na wakati wa likizo za shule. Kisha mwaka 2017 kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Hiki ni cha umma, na ndicho kilichomwezesha kijana wa Kanamkemer kupangiwa na KUCCPS kusoma mjini kwao.

Tusisahau pia Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York, yenye kituo Turkwel. Wanafunzi wa ng'ambo huja huko kwa muhula mzima kujifunza kuchimbua visukuku. Inafurahisha kwamba wengine husafiri nusu ya dunia kuja kusoma mahali ambapo sisi tulizoea kuondoka ili tukasome.

Sasa maswali ambayo huulizwa sana. La kwanza: kwa nini serikali ya kaunti haijengi chuo kikuu? Kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaviweka vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti inachoweza ni kusaidia wanafunzi kwa basari. Uliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako wakati fomu zinapotolewa, na usingoje wiki ya mwisho.

La pili ni gumu zaidi: je, cheti cha chuo kilicho mbali kinatambulika hapa? Usilipe hata shilingi moja kabla ya kujua. Kama chuo ni cha Kenya, hakikisha kwamba kimo katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo halali kinaweza kuwa na kozi ambayo bado haijapitishwa. Kama ni cha nje, CUE ndiyo inayotambua shahada za kigeni, nayo KNQA inasimamia mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu. Aliyesoma sekondari nje ya Kenya huomba KNEC ilinganishe cheti chake. Diploma ya kigeni isichukuliwe kuwa itakupunguzia miaka ya shahada moja kwa moja. Kila chuo huamua chenyewe ni krediti ngapi kitakubali, kwa hiyo omba jibu kwa maandishi.

Na kabla ya kujiandikisha katika kozi yoyote ya mtandaoni, iwe Lodwar, Kakuma au Lokichoggio, uliza mambo matatu ambayo vipeperushi havitaji: mtihani utafanyiwa wapi, nani atakusaidia mtandao ukikatika, na ukisimama muhula mmoja kwa kukosa karo, je, krediti ulizopata zitabaki kuwa zako?