Kuzeekea ndani ya geti: Piga hesabu kabla ya kuuza shamba

DESEMBA iliyopita, tulipopanda Kilimanjaro kula sikukuu kama ilivyo desturi yetu tunaoishi mijini, baba yangu mkubwa aliitisha kikao cha familia nyumbani kwake Marangu. Ajenda ilikuwa moja. Binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam alitaka wazee wauze kihamba na kuhamia huko, kwenye nyumba ya vyumba vitatu katika makazi mapya yaliyozungushiwa ukuta mmoja, yenye geti na walinzi usiku na mchana.

Baba mkubwa ana miaka 71. Mama mkubwa ana miaka 66 na anasumbuliwa na kisukari na shinikizo la damu. Kihamba chao ni ekari moja na nusu ya kahawa na migomba, kando ya lami, na zizini wana ng'ombe wawili wa maziwa. Mnunuzi alikuwa tayari kutoa Sh120 milioni. Nyumba ya Dar es Salaam ilikuwa ikiuzwa Sh110 milioni.

"Wewe umesomea uchumi wa kilimo," baba mkubwa akaniambia. "Tupigie hesabu, mwanangu, usituhubirie."

Hesabu hiyo nawaletea wasomaji kwa sababu wako wakulima na wafanyabiashara wengi wanaoulizwa swali hilo hilo na watoto wao.

Faida za geti

Tuanze na mazuri yake, maana yapo. Mzee anayeishi ndani ya geti halali akisikiliza kama mbwa wanabweka. Taka huzolewa, taa za njia huwaka, na bomba likiharibika kuna fundi wa kuitwa. Watoto na wajukuu wako karibu. Kwa mtu ambaye magoti yamechoka, njia tambarare ya saruji si anasa.

Aidha, nyumba yenye hati safi ni mali. Inaweza kupangishwa, kurithishwa au kuwekwa dhamana. Mkulima ambaye shamba lake halijapimwa wala kupata hati ya hakimiliki ya kimila anajua tofauti iliyopo akifika benki.

Gharama isiyoandikwa kwenye bango

Tatizo ni kwamba bango la matangazo huonyesha bei ya nyumba tu. Walinzi, pampu ya maji, taa na usafi hulipiwa na wakazi kwa ada ya kila mwezi. Mahali ambapo nyumba zimeuzwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mmiliki ni mwanachama wa umoja wa wamiliki na anawajibika kuchangia gharama za pamoja. Hakuna kusema mwezi huu mavuno hayakuwa mazuri.

Kwa nyumba tuliyokuwa tukiijadili, ada ilikuwa Sh150,000 kwa mwezi, yaani Sh1.8 milioni kwa mwaka. Tuchukulie inapanda kwa asilimia tano tu kila mwaka. Katika miaka 20 wazee wangekuwa wamelipa karibu Sh60 milioni, zaidi ya nusu ya bei ya nyumba yenyewe.

Kisha tukaandika kila kinacholiwa pale kihambani bila kununuliwa: ndizi, maharage, mboga, mayai na maziwa. Tulipokipa bei ya sokoni, tukapata Sh250,000 kwa mwezi, au Sh3 milioni kwa mwaka. Ndani ya geti vyote hivyo vingenunuliwa, kwani masharti ya makazi yale yalikataza ufugaji, hata wa kuku watano.

Ukijumlisha ada na chakula, ni Sh4.8 milioni kwa mwaka za matumizi mapya, na hapo bado hatujataja kahawa na maziwa ambayo wasingeyauza tena. Baada ya kuuza kihamba na kununua nyumba wangebaki na Sh10 milioni. Fedha hizo zingekwisha katika miaka miwili na kidogo, hata kabla ya kutoa gharama za uhamisho wa hati na za kuhama. Baba mkubwa angekuwa na miaka 73, hana shamba, na kila mwezi ananyoosha mkono kwa binti yake.

Shamba nalo lina gharama zake

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba shamba halina gharama. Mibuni ya baba mkubwa imezeeka na mavuno yamepungua. Kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe sasa analipa vibarua. Huuza wastani wa lita tano za maziwa kwa siku kwa Sh1,000 lita, sawa na Sh1,825,000 kwa mwaka, lakini ukitoa pumba, dawa na ujira wa kijana anayekata majani, kinachobaki hakifiki nusu.

Matibabu nayo yapimwe mahali ulipo. Kwetu hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi mjini, hivyo Dar es Salaam haiongezi kitu kikubwa. Kwa mkulima ambaye hospitali ya rufaa iko mbali kwa saa sita za basi, hesabu inaweza kuelekea kwenye kuhama, na sitamlaumu.

Kwa wastaafu walioajiriwa

Mwalimu au muuguzi anayestaafu ana jambo jingine la kuangalia. Julai 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33 ya mafao. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 awali, na 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Kinachobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Anayemaliza mkupuo wote kwenye nyumba anaachiwa pensheni peke yake kwa ada, chakula na dawa.

Mambo ya kuangalia

Ukiona bado unataka geti, panga kwanza kwa miezi sita, masika ikiwemo, kabla ya kununua. Omba masharti ya makazi na risiti za ada za miaka mitatu iliyopita. Usilipie nyumba iliyo kwenye ramani tu. Mradi wa Dege kule Kigamboni ulikusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, lakini ujenzi ulisimama mwaka 2016. Na kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotusaidia. Katika saa mbili za kikao hakuna aliyekuwa amemuuliza mama mkubwa. Alipoulizwa alisema: "Mimi sitafuti nyumba. Nataka mtu wa kunisikia nikiita usiku, na wa kunipeleka kliniki."

Binti yake alinyamaza kidogo, kisha akasema Sh150,000 ya ada alikuwa amepanga kuilipa yeye. Tukakubaliana fedha hiyo imlipe msaidizi wa kukaa na wazee na nauli ya kliniki kila mwezi. Kahawa itapandwa upya robo ya shamba kwa mwaka, ili mavuno yasikatike yote kwa mara moja. Kihamba hakikuuzwa.

Familia nyingine inaweza kupiga hesabu hiyo hiyo na kupata jibu tofauti. Ila kabla ya kusaini, jiulizeni ni kitu gani hasa mnakifuata ndani ya geti, na kama hakiwezi kupatikana kwa bei nafuu hapo mlipo. Nyumba ikikushinda unaweza kuiuza. Kihamba ukishakiuza, hakuna atakayekurudishia.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.