Sura ya Saba: Udongo Mweusi na Pikipiki

Pikipiki ikikataa kuwaka asubuhi ya mvua mtaani Kayole, fundi mzoefu haulizi kwanza habari za injini. Huuliza, "Jana ulipita wapi?" Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi. Mwendeshaji aliyeshinda kwenye lami ya Jogoo Road huku mvua ikimnyeshea, huenda kofia ya plagi imeingia maji tu. Aliyetoka Njiru kwa njia za ndani amebeba matope kwenye breki na cheni. Na aliyevuka maji yaliyofika magotini haruhusiwi hata kugusa kiki mpaka plagi itolewe.

Sura zilizotangulia zilieleza injini kana kwamba ipo juu ya meza safi. Hii inaishusha barabarani, tena katika miezi migumu: mvua ndefu za Machi hadi Mei, zile fupi za Oktoba hadi Desemba, na baridi ya Juni hadi Agosti iliyo katikati yake. Ninaamini ufundi wa pikipiki wa Eastlands umefundishwa na ardhi kuliko ulivyofundishwa na kitabu chochote cha kiwandani, na ndiyo maana naanza na ardhi.

Magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kilimani hadi Karen, udongo ni mwekundu, mvua hunywewa haraka na njia hukauka. Ukivuka katikati ya jiji kuelekea mashariki, ardhi inalala tambarare na udongo unageuka mweusi, ule udongo wa pamba ambao wajenzi wa Kayole na Embakasi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Una madini ya mfinyanzi yanayofyonza maji kati ya matabaka yake na kuvimba. Kiangazi kikifika hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto. Chini yake umelala mwamba mgumu, kwa hiyo maji hayana pa kushukia.

Tofauti hii haikutokea kwa bahati tu. Serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu miinuko ya udongo mwekundu, na mitaa ya Waafrika ikajengwa upande wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Jericho. Baada ya uhuru jiji liliendelea kuelekea huko huko, na katika miaka ya 1970 zikaja Buruburu, Umoja na Dandora, kisha Kayole. Watu waliongezeka kuliko mitaro. Leo mvua ya saa moja inaweza kuigeuza njia ya ndani kuwa uji mzito ambao matatu hazithubutu kuingia, na hapo ndipo pikipiki inapokuwa daktari, lori na basi la shule. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zimejaa katika kila steji, na fundi hukaa hatua chache kutoka steji.

Sasa tutazame matope yenyewe yanavyofanya kazi. Udongo mweusi ukilowa hunata kwenye tairi, tairi linazunguka na kuupandisha, nao unashindiliwa kati ya tairi na madigadi ya mbele. Baada ya muda gurudumu linasugua ukuta wa udongo na mara nyingine linakwama kabisa. Ndiyo maana wengine huinua madigadi au kuiondoa msimu wa mvua, na kulipia uamuzi huo kwa matope yanayorukia injini na kuziba mapezi ya kupozea. Injini hizi hupozwa kwa upepo, hivyo mapezi yaliyofunikwa na tope kavu huifanya ichemke hata siku ya baridi. Kijiti cha mti na maji ya ndoo vinatosha kuyasafisha, injini ikiwa imepoa.

Breki za nyuma za pikipiki nyingi za kazi ni za ngoma. Ndani ya ngoma mna breki shuu mbili zinazopanuka na kusugua ukuta wake. Maji yakiingia, yanatanda kati ya bitana na chuma, na breki inateleza. Mwendeshaji mwenye akili akitoka kwenye dimbwi huendelea taratibu huku akiigusa breki kidogo kidogo mpaka joto likaushe maji. Tope ni jambo jingine. Likikauka ndani huwa vumbi lenye chembe za mchanga, nalo linakwangua bitana na ngoma pamoja. Ngoma ikifunguliwa utaona mikwaruzo imezunguka chuma. Ukibadilisha breki shuu bila kuosha ngoma na kupaka grisi kidogo kwenye kamu inayozipanua, mteja atarudi kabla ya mwezi kwisha, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Cheni hufa polepole zaidi. Pikipiki nyingi za bodaboda huja na kasha linaloifunika, na kasha hilo huzuia matope mengi lakini likishaingiwa huyahifadhi. Mchanga uliochanganyika na oili hula pini za cheni ndani kwa ndani, cheni inarefuka, na meno ya sproketi yanachongoka kuelekea upande mmoja. Fundi mzuri habadilishi cheni peke yake juu ya sproketi iliyochongoka, kwa sababu meno mabovu yataila cheni mpya. Mteja atalalamika kwamba anauziwa vitu viwili, na hapa fundi hana budi kufungua kasha, kumwonyesha meno na kumwachia ajionee.

Tatizo linalopoteza muda mwingi kuliko yote ni maji ndani ya petroli. Kifuniko cha tangi kikichakaa mpira wake, mvua hupenya tone kwa tone. Dalili yake humdanganya mtu: pikipiki inawaka, inatembea kidogo, inakohoa, inazima, kisha inawaka tena. Mwenyewe anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anatumia pesa, na ugonjwa unabaki. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa ya bakuli la kabureta, pale pale jeti inapovuta mafuta. Kila pikipiki inapotikiswa na shimo, maji yanasogea, jeti inapata petroli, injini inafurahi, kisha maji yanarudi.

Kipimo chake ni chupa ya plastiki isiyo na rangi. Chini ya bakuli la kabureta kuna skurubu ndogo ya kumwagia. Funga koki ya tangi, weka chupa chini, legeza skurubu, acha kilichomo kitoke, kisha iache chupa itulie juu ya jiwe. Petroli itakaa juu na maji yatajikusanya chini kwa mstari ulio wazi, mara nyingine kama shanga chache zinazokimbizana ukiinamisha chupa. Ukiziona, usifunge kabureta na kumwambia mteja kazi imekwisha. Fungua koki, mwaga na kutoka tangini mpaka petroli safi ije, halafu utazame mpira wa kifuniko. Mfuko wa nailoni uliofungwa juu ya kifuniko unasaidia kwa siku moja. Mpira mpya ndio dawa. Na kazi hii ifanyike mbali na jiko la makaa la mama wa chai, hata kama kibanda chake kimekuwa jirani wa gereji miaka mingi. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kufika mbali kuliko unavyodhani.

Aprili 2024, mito ya Nairobi ilipofurika, Mathare ikapoteza watu na nyumba, na mitaa mingi ya mashariki ikakaa majini. Pikipiki zilizozama siku zile zilileta ugonjwa mbaya kuliko wote. Pistoni ya injini ndogo huubana mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka unabaki takriban sehemu moja ya tisa ya nafasi yake. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Kama yamepita kwenye kisafisha hewa na kuingia silinda, kisha mwenye pikipiki akabonyeza stata kwa nguvu ya wasiwasi, pistoni inapanda, inakutana na maji, na kinachopinda ni konrodi. Pikipiki iliyokuwa inahitaji kukaushwa sasa inahitaji kufunguliwa injini nzima.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na ningependa kila steji iujue hata kabla ya fundi kufika. Usiwashe. Toa plagi. Piga kiki taratibu, uso wako ukiwa mbali na tundu, mpaka maji yaache kuruka. Toa kisafisha hewa ukikaushe au ukibadilishe. Kisha mwaga oili ya injini na uitazame rangi. Oili iliyoingiwa maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hiyo haifai kurudishwa hata kama ulimwaga mpya juzi. Tia oili nyingine, washa kwa muda mfupi, mwaga tena, halafu ndipo utie ile utakayotembea nayo. Oili mbili ni gharama kwa mtu ambaye hajafanya kazi wiki nzima, najua, lakini beringi za krenki ni gharama kubwa zaidi.

Oili hiyo ya rangi ya maziwa ina kisa kingine ambacho huwachanganya vijana wanaojifunza. Mwezi wa Julai, asubuhi joto linaposhuka hadi nyuzi 10 hivi, bodaboda anayebeba abiria kwa safari fupi kutoka Umoja hadi Donholm na kurudi hampi injini nafasi ya kupata joto kamili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli unageuka matone ndani, na chini ya kifuniko cha oili unakuta povu jeupe. Ukichomoa kijiti cha kupimia, oili ya chini ni safi. Huyo hahitaji kufunguliwa injini. Anahitaji safari moja ndefu itakayoikausha.

Baridi ile ile ndiyo inayofanya petroli isigeuke mvuke kwa urahisi, na choki ipo kwa ajili hiyo: inapunguza hewa ili mafuta yawe mengi. Isahauliwe ikiwa imevutwa na pikipiki itatoa moshi mweusi siku nzima. Tena hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, hivyo kabureta iliyorekebishwa pwani itakunywa mafuta kupita kiasi huku juu. Plagi hueleza yote. Ncha ya kahawia ni afya, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, nyeupe kavu ni mafuta machache na injini inayoungua.

Kwamba ardhi mbaya huzaa ufundi, hilo limetokea mbali na hapa pia. Katika mji mdogo wa Valcourt, mkoani Quebec nchini Kanada, Joseph-Armand Bombardier alifungua gereji mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka 19. Majira ya baridi theluji ilizifunga barabara za vijijini. Januari 1934 mwanawe mdogo aliugua, hospitali haikufikika, na mtoto akafa. Bombardier, ambaye tangu ujana alikuwa akijaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji, aliendelea na kazi hiyo, akatengeneza gurudumu la meno lililofunikwa kwa mpira likisukuma mkanda mpana badala ya matairi ya nyuma, na mwaka 1937 akapata hataza. Magari yake yalibeba madaktari, barua na watoto wa shule. Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipoagiza barabara ziondolewe theluji, mauzo yake yalishuka vibaya, na ilimbidi atafute kazi nyingine kwa ujuzi ule ule. Ile pikipiki ndogo ya theluji, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959.

Nimemtaja kwa sababu wakati Bombardier anaanza, gereji yake haikuwa na tofauti kubwa na zile za Kariobangi Light Industries: chuma, moto, na tatizo lililo nje ya mlango. Mafundi wetu wamechomelea magadi ya miguu, wameongeza kariya zinazobeba mitungi ya gesi na magunia, wameimarisha shoki za nyuma kwa mashimo ambayo kiwanda hakikuyafikiria. Walichokosa ni mtu wa kuyachukua mawazo hayo hadi kwenye hataza. Shirika la Kazi Duniani liliandika kuhusu nguvu ya wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi ya Kenya mwaka 1972, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, wakajengewa vibanda vya kuwakinga na jua. Paa ni jambo jema. Hata hivyo gereji nyingi za pikipiki za Eastlands bado zinafanya kazi juu ya udongo mtupu, na oili chafu hufuata mtaro mpaka mto Nairobi. Sakafu ya zege yenye shimo la kukusanyia oili si anasa, na kaunti ingeweza kuiweka kando ya steji kubwa kwa gharama ndogo kuliko ya kusafisha mto.

Mwanagenzi aliyejifunza kando ya steji anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, bila kupitia chuo. Nawahimiza waufanye. Cheti humfungulia mtu milango ya kampuni, na siku hizi kampuni zinamhitaji, kwani pikipiki za umeme za Roam, yenye kiwanda Nairobi, na za Ampersand, iliyoanzia Kigali, zinazidi kuonekana kwenye steji. Hazina kabureta, hazina plagi, na maji ndani ya petroli hayazihusu. Zina beringi, breki na waya zinazokutana na tope lile lile, na zina kontrola ambayo ikikataa haisikilizi spana. Namna ya kuipima kwa mita bila kuiunguza, na namna ya kutambua maji kwenye soketi ya betri, ndiyo kazi ya sura inayofuata.