Simu Iliyoibwa Hugeuka Simu Iliyopotea

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inaachana hapa na ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Abiria wa Songea akichomolewa pochi na simu stendi, ana dakika chache tu za kuamua: akienda kituoni, basi litamwacha. Basi anapanda. Akishafika kwake anakumbuka kwamba kitambulisho cha NIDA kilikuwa kwenye pochi, na kupata kingine kunahitaji karatasi ya polisi. Hapo kaunta anasema vimepotea. Akisema vimeibwa ataulizwa wapi, saa ngapi, anamshuku nani, na huenda akaambiwa arudi Makambako kufungua jalada. Akisema vimepotea, anapewa karatasi na kuondoka. Kwenye vitabu vya serikali, mwizi yule hajawahi kuwapo.

Kwa sababu hiyo sisi tunaochunguza uhalifu hatuzitegemei takwimu za polisi peke yake. Marekani tangu 1973 na Uingereza tangu 1982 wanapita kaya kwa kaya wakiwauliza watu yaliyowakuta, waliyoyaripoti na waliyonyamazia. Jibu moja hujirudia: gari likiibwa, karibu kila mwenye gari huripoti, kwa kuwa bila taarifa ya polisi bima hailipi. Aliyepigwa nyumbani kwake, mara nyingi hasemi.

Kwetu bima kubwa ni ya wachache, lakini tazama bodaboda. Kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba akiporwa usiku, atakimbilia kituoni hata kama hana imani yoyote na upelelezi. Anachokitaka ni RB, namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Bila namba ile, tajiri wake atasema pikipiki ameiuza mwenyewe. Hali kadhalika na PF3, fomu ya polisi ya matibabu: aliyeumizwa anaifuata polisi kwa sababu hospitali itamuuliza. Wengi wakishatibiwa hawarudi kuandika maelezo, jalada linalala, na askari analalamika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano. Ana haki ya kulalamika, ila mwananchi huyo alishapata alichokifuata.

Wanaonyamaza huambiwa ni waoga au hawaijui sheria. Hofu ipo, na rushwa ndogondogo ya kaunta imewakatisha tamaa wengi, lakini mimi nadhani sababu nzito zaidi ni kwamba anachokitaka aliyetendewa na kile ambacho dola inaweza kumpa ni vitu viwili tofauti. Mkulima wa Wanging'ombe aliyeibiwa magunia ya viazi anataka viazi vyake, au hela yake. Akifika polisi kesi inakuwa ya Jamhuri, yeye anabaki shahidi. Atalipa nauli kila kesi inapotajwa, ataambiwa imeahirishwa, na mwisho mwizi anaweza kufungwa bila yeye kuona hata debe moja. Kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya wazee, baba wa kijana aliyeiba anaweza kulipa baada ya mavuno. Sioni ujinga katika uamuzi huo.

Hesabu hiyohiyo inakuwa ya hatari sana mkosaji akiwa ndugu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Adhabu hiyo iliwekwa kumlinda mtoto, lakini ndani ya ukoo inaweza kumziba mdomo: bibi anajua kwamba akisema, mwanawe anayelipa ada na kulima shamba haonekani tena. Wanakaa, wanapatana, mtoto anaambiwa anyamaze. Kisheria kikao cha ukoo hakina uwezo wa kumaliza kosa la aina hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote, achilia mbali polisi.

Mauaji hayafichiki namna hiyo. Mapema 2019, watoto walipokuwa wakitekwa na kuuawa mkoani Njombe, na serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina, habari zilisambaa nchi nzima na viongozi wa juu wakafika. Maiti inajiripoti yenyewe. Hata hivyo, kabla ya tukio kubwa huwa kuna vijambo vidogo: mgeni anayewaita watoto njiani, mganga anayepokea watu usiku. Hayo hufika kituoni pale tu msemaji anapoamini kwamba jina lake halitarudi mtaani. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Kijijini ambako kila mtu anamjua aliyeonekana akiingia kituoni, ulinzi wa kwenye karatasi haumtoshi.

Kwa hiyo kamanda wa polisi anaposoma takwimu za mwaka na kesi za ukatili zikawa zimepanda, usikimbilie kusema watu wameharibika. Uliza kwanza kama Dawati la Jinsia na Watoto limepata chumba chenye mlango, na askari wa kike anayekuwapo hata Jumapili. Na zikishuka, uliza kama askari huyo amehamishwa.